Mchumba wangu amepima VVU na yuko hasi. Je, sasa tunaweza kuacha kondomu?

"Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma chuo mkoani Morogoro. Nina mchumba, tuko pamoja mwezi wa tano sasa na tumekuwa tukitumia kondomu. Wiki tatu zilizopita kondomu ilipasuka, nikameza P2 ya kuzuia mimba, na baada ya siku chache nikapata damu kidogo. Wiki iliyopita alijipima VVU kwa kile kipimo cha mate, akanionyesha, yuko hasi. Anasema pia huwa anachangia damu, kwa hiyo angekuwa na ugonjwa wowote angeshaambiwa, na kwamba majibu yake ndiyo majibu yangu. Anataka tuache kondomu. Mimi nilikuwa na mwenza mwingine mwaka jana na sijawahi kupima. Isitoshe, kwa miezi minne natokwa na uchafu ukeni. Nimeambiwa ni UTI mara tatu, nikapewa vidonge na sindano duka la dawa, unakata kisha unarudi. Naogopa zahanati ya karibu na nyumbani kwa sababu muuguzi wa pale anasali na mama yangu. Je, tukiacha kondomu kuna hatari? Na kipimo cha damu si kinaonyesha magonjwa yote?"

Marahaba, binti yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jibu la swali lako kubwa nalitanguliza ili usilisubiri hadi mwisho: msiache kondomu kwa sasa. Sisemi hivyo kwa kumshuku mchumba wako, maana kijana anayejipima mwenyewe na kumwonyesha mwenzake majibu amefanya jambo ambalo wengi hulikwepa. Nasema hivyo kwa sababu kipimo chake kimejibu swali la ugonjwa mmoja, kwa mtu mmoja, tena kwa tarehe iliyokwisha kupita, ilhali uamuzi mnaotaka kuufanya unawahusu watu wawili na magonjwa kadhaa.

Vipimo vya haraka vya VVU, viwe vya damu ya kidoleni au vya mate, havikitafuti kirusi chenyewe. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kumtambua mgeni huyo, na kuwatengeneza askari hao huchukua wiki kadhaa. Mtu aliyeambukizwa Jumamosi iliyopita akipimwa leo atapata majibu hasi, ingawa virusi wameshaanza kuzaliana mwilini mwake. Na wiki hizo za mwanzo ndizo ambazo virusi huwa wengi mno katika damu, hivyo ni rahisi zaidi kumwambukiza mwenzake. Washauri nasaha hukiita kipindi hicho kipindi cha dirisha. Kwa watu wengi kingamwili huonekana kati ya wiki ya tatu na ya sita, lakini wapo wanaochelewa, na ndiyo sababu majibu hasi huhesabiwa kuwa ya uhakika pale miezi mitatu inapokuwa imetimia tangu mara ya mwisho mtu alipojiweka katika hatari.

Sasa tuzihesabu tarehe zenu, na hapa naomba usome taratibu. Mchumba wako alijipima wiki mbili baada ya kondomu kupasuka. Siku ile ilipopasuka alikutana na wewe, na wewe hujawahi kupima. Kwa hiyo kipimo chake hakiwezi kusema lolote kuhusu siku ile. Kinazungumzia maisha yake ya miezi mitatu na zaidi iliyopita, basi. Sikuandikii hili ili ujione wewe ndiye hatari kwake. Nakuandikia kwa sababu nyote wawili mmekuwa mkimtazama yeye peke yake, kana kwamba swali ni moja tu, la kama yeye ni msafi, na hata neno hilo la usafi ningependa tuliache, kwa kuwa maambukizi hayana uhusiano na uchafu wa mtu wala tabia yake njema.

Kipimo cha mate chenyewe ni kizuri kikitumiwa inavyotakiwa. Watu hudhani kinatafuta virusi kwenye mate, wakaanza kuogopa kubusiana. La hasha, kinachukua kimiminika cha kwenye ufizi, ambacho kina kingamwili kidogo zilizopenya kutoka kwenye damu. Mtu hapaswi kula wala kunywa kwa muda wa robo saa kabla ya kujipima. Hupitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, hukitumbukiza kwenye kichupa, kisha husoma majibu kati ya dakika ya 20 na ya 40. Mstari wa C ni lazima uonekane, la sivyo kipimo hakikufanya kazi. Mstari wa T, hata ukiwa hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa, si jambo la kupuuza: aliyeuona aende kituoni akarudiwe kwa damu, kwa sababu hakuna anayetangazwa kuwa na VVU kwa kipimo kimoja. Liko na jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha: mtu anayetumia tayari dawa za kufubaza VVU, au anayemeza PrEP ya kujikinga, anaweza kupata majibu hasi yasiyo ya kweli kwenye kipimo hicho.

Kuhusu majibu yake kuwa majibu yako, hapana. Wahudumu wa kliniki za wajawazito na za CTC, yaani za huduma na matibabu ya VVU, huwaona mara kwa mara wenza ambao mmoja ana maambukizi na mwingine hana, hata baada ya miaka ya ndoa, kwa sababu VVU haviambukizi kila tendo linapofanyika. Kila mtu hupimwa kwa mwili wake.

Uchangiaji damu nao nausifu kwa moyo wote, ila usigeuzwe kuwa njia ya kupima afya. Damu inayochangwa hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Haipimwi kisonono wala klamidia, ambayo nayo ni magonjwa ya zinaa. Zaidi ya hapo, anayechangia damu ili ajue hali yake anaweza kuwa ndani ya kipindi cha dirisha bila kujua, na damu hiyo ikaenda kwa mama aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Mwambie mchumba wako kwamba kama kuna jambo limempa wasiwasi karibuni, asubiri kuchangia hadi atakapopima na kurudia.

Nawe umeuliza kama kipimo cha damu kinaonyesha magonjwa yote. Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko mengine yote, na linawagharimu wasichana wengi. Bakteria wa kisonono na wa klamidia huishi kwenye ngozi laini ya ndani ya mlango wa kizazi, ya njia ya mkojo, ya koo au ya njia ya haja kubwa, na damu ya kidoleni haitakuonyesha kama wapo. Hutafutwa kwenye majimaji ya pale walipo: kwa mwanamke, pamba ya kijiti inayopitishwa ukeni, ambayo anaweza kuipitisha mwenyewe faraghani, kwa mwanamume, mkojo wa mwanzo kabisa, akiwa hajakojoa kwa saa moja au zaidi. Kipimo bora ni kile cha vinasaba vya bakteria, ambacho kwetu kinapatikana katika hospitali na maabara chache na mara nyingi kwa malipo. Kwa kuwa hakipatikani kila mahali, vituo vingi hutibu kwa kufuata dalili, yaani mgonjwa anayetokwa na usaha hupewa dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja. Utaratibu huo umewaponya wengi, lakini una pengo moja kubwa: wanawake walio wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote, na wanaume wengi vilevile, kwa hiyo hawaendi kituoni na hakuna anayewatibu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hiyo UTI yako ya mara tatu.

UTI ni maambukizi ya njia ya mkojo. Dalili zake ni kuhisi moto wakati wa kukojoa, kwenda haja ndogo kila mara na kutoa kidogo, na maumivu chini ya kitovu. Kutokwa na majimaji ukeni si dalili ya UTI, kwa kuwa uke na njia ya mkojo ni milango miwili tofauti. Kwa nini basi uliambiwa ni UTI? Nadhani naifahamu karatasi uliyopewa: imeandikwa kwamba kwenye mkojo zimeonekana chembe za usaha. Lakini chembe hizo zinaweza kuwa zimetoka ukeni, zikachanganyika na mkojo ulipokuwa ukiuweka kwenye kikopo, au zikawa zimeletwa na klamidia iliyomo kwenye njia ya mkojo. Karatasi imesema ukweli kwamba usaha upo. Haikusema umetoka wapi. Ukapewa dawa ya kuua bakteria, labda ikawapunguza hao waliokuwapo, labda ikaua pia bakteria wema wanaoulinda uke, fangasi wakapata nafasi, na ukarudi dukani kwa sindano nyingine. Tena kama chanzo ni ugonjwa wa zinaa na mchumba wako hakutibiwa, ulitibiwa wewe peke yako kisha ukaupokea upya kutoka kwake.

Naomba nawe usijihukumu mapema. Kila mwanamke hutokwa na ute, nao hubadilika kufuatana na siku za mzunguko wake. Huo si uchafu. Na hata ule usio wa kawaida, mara nyingi hautokani na zinaa. Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo kama ya samaki huashiria kuvurugika kwa bakteria wa uke, hali inayochochewa na kujiosha kwa ndani kwa sabuni, ndimu au dawa za kubana uke, mambo ambayo nakusihi uyaache kabisa. Majimaji meupe mazito kama maziwa mgando, yenye muwasho, mara nyingi ni fangasi. Yenye povu na rangi ya njano au kijani yanaweza kuwa trikomonasi, ambayo huambukizwa kwa ngono na hutibika kwa vidonge. Hata hivyo dalili hizi huingiliana, na jicho peke yake hukosea, ndiyo maana unahitaji mhudumu akuchunguze, achukue majimaji ya ukeni na yatazamwe kwa darubini, kipimo ambacho vituo vya afya vingi wanacho. Usinywe tena dawa yoyote ya dukani kabla ya hapo. Kisonono kimekuwa sugu kwa dawa ambazo zamani zilikimaliza kwa dozi moja, na dozi za kubahatisha zimechangia sana kutufikisha hapo.

Kaswende nitaigusa kwa ufupi, ingawa haistahili kudharauliwa. Huanza kwa kidonda kisichouma, kwa kawaida wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, nacho hupona chenyewe hata bila dawa. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani kabisa asikione. Ugonjwa hubaki mwilini. Kipimo chake ni cha damu ya kidoleni, na tiba ya hatua za mwanzo ni sindano ya penisilini ya benzathini. Ujue tu kwamba aliyewahi kutibiwa kaswende anaweza kuendelea kuonekana chanya kwenye kipimo cha haraka maisha yake yote, hivyo huhitaji kipimo kingine cha maabara kujua kama ugonjwa ungali hai. Homa ya ini aina ya B hupimwa kwa damu pia, na ukiwa huna, unaweza kuchanjwa dozi tatu ndani ya miezi sita. Malengelenge ya sehemu za siri na virusi vya HPV, vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, havipimwi kwa kawaida kwa kijana asiye na dalili. Kondomu huvipunguza bila kuvizuia kabisa, kwa kuwa hupita hata kwenye ngozi ambayo kondomu haiifuniki.

Turudi kwenye ile siku kondomu ilipopasuka. P2 huzuia mimba tu, haizuii ugonjwa wowote. Dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo ni PEP. Huanzwa haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72, humezwa siku 28, na hupatikana hospitalini na kwenye vituo vyenye CTC. Kwako muda huo umepita, lakini ukumbuke kwa siku nyingine, na uwaambie wenzako bwenini, kwa sababu naona wanafunzi wengi wanaolijua duka la P2 kwa jina na hawajawahi kusikia kuhusu PEP. Vilevile damu kidogo inayotoka siku chache baada ya P2 si lazima iwe hedhi. Wiki tatu sasa zimetimia tangu siku ile, na kipimo cha mimba cha mkojo kitakupa jibu la kuaminika. Kifanye kwanza, kwa kuwa baadhi ya dawa za magonjwa ya zinaa hazitolewi kwa mjamzito.

Kondomu haipasuki bila sababu. Mara nyingi hewa huachwa kwenye chuchu yake, na dawa yake ni kuibana chuchu hiyo kwa vidole viwili wakati wa kuivingirisha hadi kwenye shina la uume uliosimama. Nyingine huharibiwa na mafuta ya nazi, ya kujipaka au losheni, ambayo hulainisha mpira wa kondomu hadi ukachanika. Panapokuwa na ukavu tumieni kilainishi cha maji. Nyingine zimekaa kwenye pochi au mfuko wa suruali kwa miezi, zikasuguliwa na joto. Usivae mbili kwa pamoja, angalieni tarehe ya mwisho wa matumizi, na baada ya kumaliza ashike shina la kondomu atoke kabla uume haujalegea. Kutoa nje kabla ya kumwaga hakuzuii maambukizi. Tohara humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke, kwa takriban asilimia 60, lakini haikukingi wewe. Ngono ya mdomo nayo hupitisha kisonono na kaswende.

Basi mfanye nini? Ningekuwa mahali pako ningemwambia mchumba, kwa utulivu na mchana, si kitandani: "Nimefurahi ulipima. Mimi bado sijapima, na nataka tuende wote." Nendeni pamoja, kila mmoja achukuliwe sampuli zake: VVU, kaswende, homa ya ini B, na kwa kuwa una dalili, wewe uchunguzwe majimaji ya ukeni na yeye mkojo. Kipimo chako cha VVU cha leo kitakupa jibu thabiti kuhusu mwaka jana. Cha kuhusu kondomu iliyopasuka mtakirudia, pamoja na cha kaswende, miezi mitatu itakapotimia tangu siku ile, yaani takriban wiki tisa au kumi kutoka leo, na katika muda wote huo mtumie kondomu kila mara. Mkipatikana na kisonono au klamidia, mtibiwe wote wawili, msikutane kimwili hadi siku saba zipite baada ya wote kumaliza dawa, kisha mpimwe tena baada ya miezi mitatu. Mkimaliza yote hayo na majibu ni mazuri, kuacha kondomu kutakuwa uamuzi wa busara kwa kadiri kila mmoja atakavyobaki na mwenzake peke yake, na kwa sharti kwamba mmechagua njia nyingine ya uzazi wa mpango. Kama kuna mmoja ambaye hawezi kuahidi hilo kwa dhati, ni heri aseme sasa, na kondomu ibaki.

Akikataa kwenda, usisubiri ruhusa yake. Nenda peke yako.

Woga wako wa yule muuguzi naufahamu, nami siwezi kukuambia ni wa kijinga. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inamtaka mhudumu atunze siri ya majibu yako, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima VVU bila idhini ya mzazi, seuze wewe wa miaka 22. Lakini hulazimiki kuitegemea sheria pale ambapo unaweza kuchagua mlango mwingine. Nenda kituo cha karibu na chuo, au hospitali ya mkoa, au kliniki ya UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, na uulizie huduma rafiki kwa vijana. Kupima VVU katika vituo vya umma ni bure. Usiondoke kabla hujauliza, "Nimepimwa magonjwa gani hasa?", na mwombe mhudumu akuandikie kila kipimo na tarehe yake, kwa sababu ukisikia tu kwamba "uko salama" utakuwa umerudi na karatasi kama ile ya mchumba wako.

Ikitokea mmoja wenu ana VVU, mtashtuka, na ni haki yenu kushtuka. Ila dawa huanzwa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo, kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, na mtu anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye damu hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wapo wenza wa namna hiyo ninaowahudumia, wana watoto wasio na maambukizi.

Mwisho, yapo mambo ambayo hayangoji miadi. Ukipata maumivu makali ya tumbo la chini, homa, maumivu wakati wa tendo au damu baada yake, nenda siku hiyohiyo, kwa kuwa maambukizi yanaweza kuwa yamepanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiachia makovu. Kipimo cha mimba kikiwa chanya na una maumivu ya upande mmoja au kizunguzungu, nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Mchumba wako naye akivimba au kuumwa korodani ghafla, asivumilie hadi asubuhi.